Je, Wajua? Albamu Iliyokimbiwa na Mashabiki, Kisha Wakaifuata Wenyewe

Je, wajua kwamba albamu moja tu inaweza kuipotezea bendi wasikilizaji tisa katika kila kumi? Yaliwakuta Orchestral Manoeuvres in the Dark, kundi la pop ya kielektroniki kutoka Wirral, ng'ambo ya mto Mersey ukiwa Liverpool, Uingereza. Mashabiki huwaita OMD. Novemba 1981 walitoa albamu ya Architecture & Morality, ikauza nakala zaidi ya milioni 3. Tarehe 4 Machi 1983 wakatoa Dazzle Ships, na kwa hesabu ambayo mwimbaji wao, Andy McCluskey, ameitaja mara nyingi mbele ya waandishi, hiyo iliuza kama 300,000. Bendi ilikuwa ileile, wanamuziki walewale wanne, mwaka mmoja na ushee tu umepita.

Naipenda albamu hii, na sifichi upande wangu. Lakini kisa cha wale walioikataa kinanivutia sawa na muziki wenyewe, kwa sababu wengi wao hawakuwa wajinga wala wavivu wa kusikiliza. Walikuwa na sababu.

Je, wajua kwamba bendi hii ilianzia kwenye kiti? Kiti chenyewe ni namba Q36 katika ukumbi wa Empire, Liverpool, jioni ya tarehe 11 Septemba 1975. Aliyekikalia ni McCluskey, kijana wa miaka 16, na waliokuwa jukwaani ni Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf waliokuwa wakipiga muziki kwa mashine bila nywele ndefu wala gitaa la kupiga kelele. Namba ya kiti hicho McCluskey anaikumbuka hadi uzeeni na huitaja kila anapoulizwa safari yake ilianzia wapi. Pamoja na Paul Humphreys, waliyejuana naye tangu shule ya msingi, walianza kujaribu sauti katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake Humphreys, mama akiwa kazini. Fedha za kununua sintesaiza hawakuwa nazo. Humphreys, aliyejua kuchomelea nyaya, aliunda vifaa vya kutoa milio kwa vipuri vya redio.

Walipopanda jukwaani mara ya kwanza kwa jina la OMD, Oktoba 1978 katika klabu ya Eric's, walikuwa wawili na mashine ya kanda. Mashine ndiyo iliyopiga ngoma. Waliipa jina Winston, kwa heshima ya mhusika mkuu wa riwaya ya George Orwell ya 1984. Walikusudia onyesho moja tu, wamalize hamu yao, basi.

Je, wajua kwamba wasikilizaji wa OMD walikuwa wamezoea kucheza dansi kwa mambo mazito? Wimbo wao Enola Gay wa mwaka 1980, ulioshika nafasi ya 8 Uingereza, unahusu ndege ya Kimarekani iliyodondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Rubani Paul Tibbets aliipa ndege hiyo jina la mama yake. Wimbo mwingine wa awali ulihusu kibanda cha simu cha barabarani, ambacho vijana hao walikitumia kama ofisi kwa kuwa simu yao wenyewe hawakuwa nayo. Kisha zikaja nyimbo mbili mfululizo kuhusu Joan wa Arc, yule binti wa Ufaransa aliyechomwa moto mwaka 1431. Ya pili, Maid of Orleans, inaanza kwa kelele nzito za mashine, halafu inaingia kwenye mdundo wa tatutatu kama wa wolzi. Kwa kanuni zote za redio, wimbo wa namna hiyo haukupaswa kwenda popote. Ukawa wimbo uliouza kuliko wote Ujerumani mwaka 1982.

Nayataja haya kwa sababu kuna maelezo mepesi yanayotolewa mara kwa mara kuhusu kuanguka kwa Dazzle Ships: kwamba mashabiki wa pop hawapendi kufikirishwa. Si kweli. Watu hao walikuwa wamemeza bomu la atomiki na mtakatifu anayechomwa moto, na wakaomba zaidi. Kilichobadilika mwaka 1983 hakikuwa uzito wa mada. Kilichobadilika ni tuni. Enola Gay ilikuwa na tuni ambayo mtoto wa miaka minne anaweza kuipiga mluzi. Katika Dazzle Ships, karibu nusu ya vipande havina tuni ya kupigia mluzi hata kidogo.

Je, wajua kwamba jina la albamu lilitoka kwa mchoraji wa jalada, na yeye alilitoa kwenye picha ya vita? Peter Saville, mbunifu wa majalada ya santuri kutoka Manchester, aliipenda picha ya rangi ya mafuta ya Edward Wadsworth ya mwaka 1919, inayoonyesha meli iliyopakwa mistari mikali ikiwa kwenye gudi mjini Liverpool. Picha hiyo ina urefu wa mita 3 hivi, na leo imetundikwa katika Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada, Ottawa. Saville aliwapendekezea OMD jina, nao wakalichukua pamoja na wazo zima.

Wazo lenyewe linastahili kusimuliwa. Mwaka 1917, nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za Uingereza kwa kasi ya kutisha. Norman Wilkinson, msanii aliyekuwa akitumikia jeshi la majini, akaona kwamba meli baharini haifichiki: anga hubadilika, mawimbi hubadilika, moshi hupanda. Basi badala ya kuificha, akaipaka mistari myeusi, myeupe na ya buluu iliyokatana ovyo. Nahodha wa nyambizi alipotazama kwa darubini yake alihitaji kujua mambo matatu kabla ya kurusha kombora: meli inaelekea wapi, ina mwendo gani, na iko umbali gani. Kombora huchukua muda kufika, hivyo alilazimika kulenga mbele ya meli. Mistari ilivuruga hesabu hiyo. Omo ilionekana kama tezi, na meli inayokuja ilionekana kama inayokwenda. Wadsworth mwenyewe alisimamia upakaji wa rangi kwa zaidi ya meli 2,000 katika bandari za Bristol na Liverpool. Je, ilisaidia? Uchunguzi wa wakuu wa jeshi la majini mwaka 1918 haukupata ushahidi wa wazi kwamba meli zilizopakwa zilipona zaidi. Lakini mabaharia walizipenda, na hilo nalo lilihesabiwa.

Hivyo ndivyo albamu ilivyojengwa. Kinachoonekana ni mistari iliyokatana, na msikilizaji wa haraka hajui chombo kinaelekea upande gani.

Je, wajua kwamba albamu hii ilitoka siku tatu kabla ya Blue Monday ya New Order, na kwamba Saville ndiye aliyehusika na majalada yote mawili? Blue Monday ilitoka tarehe 7 Machi 1983 katika jalada lililotobolewa lifanane na diski laini ya kompyuta, ikawa santuri ya inchi 12 ya wimbo mmoja iliyouza kuliko zote katika historia. Wiki moja, mbunifu mmoja, mashine zinazokaribiana. Moja ikawa wimbo wa kila klabu ya dansi, nyingine ikatafutiwa wa kuilaumu. Blue Monday haikuwa nyepesi. Ina dakika zaidi ya saba na maneno ya huzuni. Ila ina ngoma inayokushika kiunoni toka sekunde ya kwanza.

Tuingie ndani ya albamu yenyewe. Inafungua kwa Radio Prague, ambao si wimbo. Ni mlio wa utambulisho wa redio ya Chekoslovakia kwa nchi za nje: tarumbeta, saa, sauti ya mtangazaji. Haizidi dakika moja na nusu. Msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyekua na redio ya masafa mafupi kando ya kitanda cha baba yake anaijua hali hiyo vizuri kuliko kijana wa London wa mwaka 1983. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Deutsche Welle mwaka 1963, na ili uzipate ilibidi uzungushe kitufe polepole, upite kwenye lugha usizozijua, miluzi, ngoma za mbali na sauti zinazozama na kuibuka. McCluskey na Humphreys walisikiliza hayo wakaona ni muziki. Ndiyo maana huwa naamini kwamba watu wetu wa makamo wangeielewa Radio Prague bila kuelezwa, hata kama wangeuliza wimbo utaanza lini.

Wimbo unaanza mara moja baada ya hapo, nao ni Genetic Engineering. Hapa kuna milio ya mashine ya taipu na sauti ya kichezeo cha elimu kiitwacho Speak & Spell, kifaa kilichotolewa na kampuni ya Texas Instruments mwaka 1978 kuwafundisha watoto wa Marekani tahajia. Sauti yake ni ya kukwaruza, kila silabi imesimama peke yake. Kifaa hicho kilipendwa sana na wanamuziki wa wakati huo. Depeche Mode walilichukua jina lake hata likawa la albamu yao ya kwanza ya mwaka 1981. Katika wimbo wa OMD, mashine hiyo inataja orodha ya maneno bila hisia huku McCluskey akiimba kwa sauti ya kupaza, karibu kupiga kelele. Ukisikiliza kwa spika za masikioni, utaona mashine iko upande mmoja imetulia, binadamu ndiye anayehangaika.

Na hapa ndipo penye jambo la ajabu kuhusu maoni ya wasikilizaji. Walio wengi, akiwemo mtangazaji maarufu wa BBC Radio 1, Dave Lee Travis, waliuchukulia wimbo huo kuwa shambulio dhidi ya sayansi ya kubadili chembe za urithi. McCluskey amesema mara kadhaa kwamba haikuwa hivyo: yeye alikuwa na matumaini na sayansi hiyo. Watu walisikia mashine inayosema na sauti ya kupaza, wakahitimisha kwamba mwimbaji ana hasira. Siwalaumu sana. Mwimbaji akipaza sauti namna ile, ni vigumu msikilizaji kudhani anasifu. Wimbo ulifika nafasi ya 20 Uingereza. Uliofuata, Telegraph, uliishia nafasi ya 42.

Je, wajua kwamba albamu iliyosifiwa baadaye kwa ujasiri wake ilitokana kwa sehemu na ukame wa nyimbo? Baada ya mafanikio ya mwaka 1981, wawili hao walikwama. Nyimbo mpya hazikuja. Radio Waves waliitoa kwenye kapu la zamani, tangu bendi yao ya kabla ya OMD. The Romance of the Telescope na Of All the Things We've Made zilikuwa tayari zimetoka kama nyimbo za upande wa pili wa santuri ndogo. Albamu nzima haifiki dakika 35. Mashabiki waliokuwa wamenunua santuri zote za bendi walijikuta wanauziwa mara ya pili kitu walichokuwa nacho kabatini, na katika malalamiko yote ya mwaka 1983 hili ndilo naliona la haki kabisa.

Hata hivyo, nyimbo hizo mbili ni kati ya nzuri kabisa walizowahi kurekodi. The Romance of the Telescope inakwenda polepole, ngoma nzito, kwaya ya Mellotron nyuma. Mellotron ni kinanda ambacho kila kibonye kinavuta kipande cha kanda yenye sauti halisi ya waimbaji au fidla, nacho kipande hicho hudumu sekunde 8 hivi tu kabla hakijaisha. Ndiyo maana sauti za kinanda hicho zinapumua, zinayumba kidogo, zinakufa. Pembeni yake OMD waliweka chombo kipya kabisa cha zama hizo, Emulator, kilichoweza kunasa sauti yoyote kwa sekunde 2 hivi na kuipiga kama noti. Kwenye Dazzle Ships unasikia kanda na tarakimu zikifanya kazi chumba kimoja, na sijui albamu nyingi zilizonasa mpito huo waziwazi namna hii.

Kuhusu Time Zones nina maoni tofauti na mashabiki wenzangu. Hiki ni kipande cha saa zinazosema, zile unazopigia simu zikakuambia saa ngapi, zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali na kupangwa juu ya nyingine. Hakuna ala hata moja. Wapenzi wa albamu hukitetea kwa nguvu. Mimi naona ni wazo zuri lililoachwa lisimame bila kwenda mbele; ukishalielewa katika sekunde 30, zilizobaki hazikuongezei kitu. ABC Auto-Industry, wimbo wa tarakimu na roboti za kiwandani, ina wazo dogo zaidi lakini inacheza, inachekesha, inabaki kichwani.

International ndiyo moyo wa albamu. Inafungua kwa sauti ya taarifa ya habari kuhusu msichana wa Nikaragua aliyekatwa mikono na walinzi wa zamani wa dikteta Somoza. Msomaji wa habari hana kwikwi wala machozi. Anasoma kama anavyosoma bei za soko. Halafu linaingia wolzi, tamu, tamu kupita kiasi, na McCluskey anaimba juu yake. Utamu huo unauma. Nadhani wapo wasikilizaji wa mwaka 1983 waliokasirishwa na wimbo huu hasa, na hasira yao naiheshimu kuliko sifa za anayeupita bila kusikia maneno ya mwanzo.

Je, wajua kwamba chati ziliiweka Dazzle Ships juu ya albamu iliyoiokoa bendi? Ilifika nafasi ya 5 Uingereza. Ni rahisi kueleza: mashabiki waliinunua wiki ya kwanza kwa kuwaamini OMD, kisha neno likaenea, na mauzo yakakauka. Wahakiki wengi wa magazeti ya muziki waliiponda. Kampuni ya Virgin, iliyokuwa ikisubiri Maid of Orleans nyingine, haikuipata. Bendi ikatishika. Mwaka 1984 wakatoa Junk Culture, iliyorekodiwa kwa sehemu kisiwani Montserrat, yenye midundo ya kuchangamka. Wimbo wake wa Locomotion ukafika nafasi ya 5, lakini albamu yenyewe iliishia nafasi ya 9. Mwaka 1986 wakaingia Marekani kwa If You Leave, wimbo wa filamu ya Pretty in Pink, nafasi ya 4. Nyimbo safi zote. Lakini hawakuthubutu tena kuchanganya redio ya Prague na saa zinazosema, si kwa miaka mingi.

Wasikilizaji waliporudi, hawakurudi kwa kuitwa na tangazo. Walikuwa wale waliokuwa na miaka 15 mwaka 1983, waliobaki na santuri na kuisikiliza upya. Na wengine wadogo zaidi, waliokua na muziki wa vipande vya sauti hadi wakaona ni jambo la kawaida. Radiohead walipoweka sauti ya kompyuta inayosoma orodha katika Fitter Happier mwaka 1997, wahakiki walikuja kuitaja Genetic Engineering kama mtangulizi wake. Mwaka 2008 Dazzle Ships ilitolewa upya ikiwa imesafishwa sauti, na safari hii magazeti yaliipokea kama hazina iliyosahauliwa.

Kisha yakatokea mambo ya Liverpool yenyewe. Mwaka 2014, katika kumbukumbu ya miaka 100 ya Vita Kuu ya Kwanza, msanii wa Venezuela Carlos Cruz-Diez aliipaka mistari ya rangi kali meli ya zamani ya marubani iitwayo Edmund Gardner, iliyokaa kwenye gudi karibu na Albert Dock. Novemba mwaka huohuo OMD walipiga muziki wa Dazzle Ships katika Jumba la Makumbusho la Liverpool, mwendo mfupi kutoka kwenye meli hiyo. Tarehe 9 Mei 2016 walisimama katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, wakapiga Architecture & Morality yote na Dazzle Ships yote katika usiku mmoja. Mwaka 2023, albamu ilipotimiza miaka 40, ikatolewa tena ikiwa na rekodi ambazo hazijawahi kutoka.

Sidai kwamba walioikataa mwaka 1983 walikosea na sisi tuko sahihi. Walinunua albamu ya nyimbo, wakapewa nyimbo saba au nane na vipande vya sauti katikati. Aliyetaka kitu cha kuwekea kwenye sherehe alikuwa na haki ya kununa. Kosa pekee ninaloliona ni la wale wanaoisikiliza leo huku wakiruka vipande, wakichagua Telegraph na Genetic Engineering tu. Hapo unabaki na pop nzuri ya kawaida. Radio Prague ikitoka, Genetic Engineering haina mahali pa kutokea.

Kwa hiyo ukitaka kutoa maoni yako kuhusu Dazzle Ships, tenga dakika 35, zima kipengele cha kuchanganya nyimbo kwenye simu yako, vaa spika za masikioni, na uanze na Radio Prague. Ukifika mwisho wa Of All the Things We've Made na bado huipendi, basi huipendi, na una wenzako wengi sana.